Aliyefukuzwa kazi kwa sekunde 0.8

Kuna jamaa mmoja ambaye jina lake halimo kwenye vitabu vyetu vya baiolojia vya sekondari, na kusema kweli hakugundua chochote. Aliitwa David Kinnebrook. Mwaka 1796 kibarua chake kiliota nyasi huko Greenwich, Uingereza, na kisa ni sekunde 0.8. Msidhani alichelewa kuripoti kazini. Kazi yake ilikuwa kutazama nyota, na bosi wake aliona kwamba kila nyota aliyoiandika Kinnebrook ilikuwa imepita "kwa kuchelewa". Nyota zilezile, darubini ileile, saa ileile. Ukiniuliza historia ya kuelewa mishipa ya fahamu ianzie wapi, mimi nitakwambia ianzie hapa, kabla hatujafika kwenye ile michoro ya ubongo yenye mishale tuliyokaririshwa kwa ajili ya mtihani halafu tukaisahau siku ya pili yake.

Kwanza tujue walikuwa wanafanya nini pale. Greenwich ndiko zinakohesabiwa saa za dunia hadi leo. Tunaposema saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa tatu, tunamaanisha mbele ya Greenwich. Karne ya 18 kituo kile kilikuwa na kazi moja kubwa: kupima mahali pa nyota na mwezi kwa usahihi ili manahodha wa Kiingereza wajue meli zao ziko wapi baharini. Mkuu wa kituo alikuwa Nevil Maskelyne, mwanaastronomia wa mfalme tangu 1765, mtu makini, mpenda utaratibu, ambaye ndiye aliyeanzisha almanaki ya mabaharia mwaka 1767.

Namna ya kupima ilikuwa hivi. Ndani ya darubini kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizosimama wima. Dunia inapozunguka, nyota inaonekana kuzivuka nyuzi hizo moja baada ya nyingine. Mtazamaji anaangalia saa ya ukutani, anashika sekunde ya mwisho kichwani, anaweka jicho kwenye darubini, huku sikio linahesabu mapigo ya saa: tik, tik, tik. Nyota ilikuwa hapa kwenye pigo hili, ilikuwa pale kwenye pigo linalofuata, uzi uko katikati, basi anakadiria imevuka kwenye sehemu ya ngapi ya sekunde. Jicho na sikio kwa pamoja. Waliamini kwamba mtu aliyezoea hakosei zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za sekunde.

Kinnebrook aliajiriwa mwaka 1794. Mwanzoni vipimo vyake na vya Maskelyne vilikuwa vinalingana. Agosti 1795 bosi akaona kijana ameanza kuwa nyuma kwa nusu sekunde. Akamwambia. Kijana akajitahidi. Januari 1796 tofauti ilikuwa imefika sekunde 0.8. Maskelyne akaandika katika kumbukumbu za kituo kwamba msaidizi wake ameangukia katika njia fulani ya ovyo aliyojibunia mwenyewe, akasikitika kwa sababu kijana alikuwa na bidii na anafaa kwa mengine yote, kisha akamwachisha kazi.

Na sekunde 0.8 ni kitu gani? Pale ikweta, tuseme pale Nanyuki kwenye lile bango ambalo kila mtalii anapiga picha, ardhi inazunguka kwa mita 465 hivi kila sekunde. Kwa sekunde 0.8 imeshasogea mita 370 hivi. Kwa nahodha wa enzi zile, aliyekuwa anashukuru akikosea kwa kilomita chache tu, hilo halikuwa jambo. Kwa Greenwich ilikuwa aibu.

Mimi kinachonigusa katika kisa hiki ni swali ambalo halikuulizwa. Kama watu wawili wanatofautiana kwa sekunde 0.8, nani kasema anayekosea ni yule mdogo? Saa haikusema. Nyota haikusema. Maskelyne alijichukulia yeye kuwa ndiye kipimo, na katika ofisi yoyote unayoijua wewe msomaji, bosi akiwa kipimo mambo huishia hivyohivyo. Kinnebrook alifariki mwaka 1802, na hadi anaingia kaburini hakuna aliyemwambia kwamba huenda hakuwa na kosa.

Aliyeuliza swali alikuwa Mjerumani, Friedrich Bessel. Huyu naye ana kisa chake: chuo kikuu hakusoma kabisa, alikuwa karani wa kampuni ya biashara mjini Bremen, akajifundisha hesabu na astronomia usiku, akaishia kuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Königsberg (mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi). Habari za Greenwich zilimfikia kupitia jarida la Kijerumani la mwaka 1816. Badala ya kumcheka yule msaidizi, Bessel alijiuliza: na mimi je? Majira ya baridi ya 1820 kuingia 1821 alimpata mgeni, mwanaastronomia Walbeck, wakapima nyota zilezile kwa kupokezana. Wote wawili walikuwa mafundi waliobobea. Tofauti yao ilikuwa zaidi ya sekunde moja! Mwaka 1823 akajilinganisha na Argelander, mwingine ambaye jina lake linaheshimika hadi leo, na huyo alitofautiana naye kwa sekunde 1.2. Kwa maneno mengine, Kinnebrook alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko lile la mabingwa.

Baada ya hapo wanaastronomia wakafanya kile ambacho watu wa vitendo hufanya: waliacha kutafuta mchawi, wakaanza kurekebisha hesabu. Kila mtazamaji akapewa namba yake ya kuongeza au kupunguza. Fulani ongeza 0.3, fulani punguza 0.2. Lakini kwa nini binadamu wanatofautiana? Hilo halikuwa swali la nyota tena. Lilikuwa swali la mwili, na watu wa mwili walikuwa na jibu lililowazuia hata kulianza.

Jibu lenyewe lilikuwa kwamba hakuna ucheleweshaji. Kwa karne nyingi, tangu enzi za Galen, daktari wa Dola ya Rumi, ilifundishwa kwamba ndani ya mishipa ya fahamu kunapita aina fulani ya pumzi au roho inayobeba hisia kwenda ubongoni na amri kurudi kwenye misuli. Mwaka 1791 Mtaliano Luigi Galvani alichapisha majaribio yake ya miguu ya vyura iliyorukaruka kwa umeme, na pole pole ile roho ikaanza kupewa jina la umeme. Ila umeme nao ulionekana hauna mwendo unaopimika katika kitu kifupi kama mkono. Johannes Müller wa Berlin, mwalimu mkubwa kuliko wote wa fiziolojia wa wakati ule, aliandika kwamba muda wa ujumbe kusafiri kwenye neva ni mdogo mno na hatutakuwa na njia ya kuupima.

Mwanafunzi wake mmoja hakukubali. Hermann Helmholtz alizaliwa Potsdam mwaka 1821, baba yake mwalimu wa sekondari asiye na fedha. Alitaka kusoma fizikia, lakini chuo pekee ambacho familia ingeweza ni kile cha madaktari wa jeshi, ambako serikali inakulipia halafu unaitumikia kwa miaka. Mkopo wa elimu ya juu, tuseme, ila marejesho yake unayafanya ukiwa umevaa sare. Mwaka 1849 akapata uprofesa wa fiziolojia. Wapi? Königsberg, mji uleule wa Bessel, ambaye alikuwa amefariki miaka mitatu tu kabla.

Naomba nieleze jaribio lake kwa kirefu kidogo, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chukua msuli wa mguu wa chura ukiwa bado umeungana na neva yake. Ugumu ni kwamba hakuna saa ya mkono duniani inayoweza kupima muda mfupi vile. Helmholtz akafanya umeme wenyewe uwe saa. Pale pale anapoipiga neva shoti, mkondo mwingine wa umeme unafunguliwa na kuanza kuisukuma sindano ya kipimo. Msuli ukijikunja unainua kizito kidogo, na kule kuinuka kunakata mkondo. Sindano itakuwa imesukumwa sana au kidogo kulingana na muda ambao mkondo ulikuwa wazi. Hapo umepata muda kuanzia shoti hadi msuli kuitika.

Lakini muda huo una mambo mawili ndani yake, safari ya ujumbe na uvivu wa msuli wenyewe. Utayatenganishaje? Akapiga shoti mahali pawili: mara ya kwanza karibu na msuli, mara ya pili mbali nao kwa sentimita tano au sita. Uvivu wa msuli ni uleule mara zote mbili, kwa hiyo ukitoa muda mmoja kwenye mwingine, kinachobaki ni safari ya zile sentimita tu. Rahisi namna hiyo! Kilichobaki kilikuwa sehemu mbili za elfu moja za sekunde hivi, wakati mwingine pungufu. Akarudia na kurudia, mkewe Olga akiandika namba pembeni. Walikuwa wameoana mwaka huohuo, na ndivyo walivyoutumia.

Ukipiga hesabu unapata mita 27 hivi kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 97 kwa saa. Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde, mwanga usiseme. Yaani ile "roho" iliyodhaniwa kuwa na kasi ya mawazo, kwenye neva ya chura ilikuwa inakimbia kwa mwendo wa basi la mkoani ambalo dereva ameshavuka ile 80 anayoruhusiwa. Na neva ikipozwa, mwendo unapungua zaidi.

Januari 1850 akatuma taarifa Berlin kwa rafiki yake Emil du Bois-Reymond. Rafiki akamjibu, kwa fahari na kwa majonzi, kwamba Berlin nzima ni yeye peke yake aliyeielewa. Lakini jibu linalonifurahisha ni la baba yake Helmholtz, yule mwalimu. Mzee hakuweza kuamini. Kwake yeye wazo na tendo la mwili ni kitu kimoja kinachotokea kwa mpigo, na akasema kwamba kumwamini mwanawe ni sawa na kuamini kuwa nyota iliyotoweka zama za Ibrahimu bado inaweza kuonekana leo. Maskini mzee, alichagua mfano mbaya kuliko yote. Mwaka 1838, palepale Königsberg, Bessel alikuwa ameshapima umbali wa nyota moja na kukuta mwanga wake unachukua miaka zaidi ya kumi kutufikia. Na zipo nyota nyingi ambazo mwanga tunaouona leo uliondoka huko kabla ya Ibrahimu. Kilichomsumbua mzee nakielewa lakini. Kama ujumbe unachukua muda, basi mkono wangu uko mbali nami. Mimi na kidole changu hatuishi kwenye dakika moja.

Desemba 1850 Helmholtz akawaelezea watu wa mji wake kwa lugha ya kawaida. Akafananisha neva na nyaya za simu za telegrafu zinazoleta habari kutoka mipakani hadi makao makuu. Akatoa na mfano wa nyangumi. Nyangumi akipigwa chusa mkiani, habari itachukua kama sekunde nzima kufika kichwani, na sekunde nyingine kwa amri ya kurusha mkia kurudi. Wavuvi wanayo sekunde mbili za kuondoka hapo.

Kwa binadamu alijaribu kwa kumpa mtu shoti ndogo sehemu mbalimbali za mwili na kumwambia aitike kwa mkono mara tu anapoisikia. Akapata mita 60 hivi kwa sekunde, ingawa namba zilicheza sana. Na hapa wanaastronomia wakarudi kwenye hadithi. Miaka ya 1860 Adolph Hirsch, mkuu wa kituo cha nyota cha Neuchâtel huko Uswisi, alianza kuwapima watu kwa saa ya umeme: muda kati ya kusikia na kuitika, kuona na kuitika, kuguswa na kuitika. Ikadhihirika kwamba milango ya fahamu haina mwendo mmoja. Sikio ni jepesi kuliko jicho. Vipimo vya siku hizi navyo vinasema hivyo: mtu mwenye afya anaitika mlio kwa sekunde 0.15 hivi, anaitika taa kwa sekunde 0.19 au 0.20. Ajabu, kwa sababu mwanga unaupita mlio mara laki kadhaa angani! Tatizo liko ndani ya jicho. Sikio linapokea mtikisiko na kuugeuza umeme karibu papo hapo. Nyuma ya jicho mwanga lazima kwanza uwashe mlolongo wa mabadiliko ya kikemikali, na kemia haina haraka.

Sasa mrudie Kinnebrook pale kwenye darubini. Jicho lake lina ucheleweshaji wake, sikio lina wake, na ubongo unatakiwa uvioanishe hivi viwili uviite "sasa". Neva zenyewe haziwezi kubeba lawama ya sekunde 0.8, kutoka jichoni hadi ubongoni ni karibu mno. Muda mwingi unaliwa ndani ya ubongo, kwenye maelfu ya makutano ya seli na seli, na mengine yanategemea umakini: ukisikilizia pigo la saa kwanza, nyota itaonekana imechelewa, ukiitegea nyota, pigo ndilo litachelewa. Kila mtu anajenga mazoea yake bila kujua. Ile "njia ya ovyo aliyojibunia" pengine ilikuwa hiyo tu, na Maskelyne naye alikuwa na yake. Mjini Leipzig, ambako Wilhelm Wundt (aliyewahi kuwa msaidizi wa Helmholtz) alifungua maabara ya saikolojia mwaka 1879, wanafunzi walikaa saa nyingi wakitazama mshale unaozunguka na kusikiliza kengele, wakilitafuta tatizo hili hili.

Kuhusu neva zenyewe, karne ya 20 ilisahihisha mengi, nami nitapita haraka. Wamarekani Joseph Erlanger na Herbert Gasser, waliopata Nobel mwaka 1944, walionyesha kwamba neva moja ni kama kamba yenye nyuzi za unene tofauti, na kila unene una mwendo wake. Alan Hodgkin na Andrew Huxley, kwa kutumia uzi mnene wa neva ya ngisi, walieleza mwaka 1952 namna chembe za sodiamu na potasiamu zinavyoingia na kutoka na kuusukuma umeme mbele, hatua kwa hatua. Ndiyo maana hauendi kama umeme wa kwenye waya. Nyuzi nene za binadamu, zilizovishwa utando wa mafuta, zinafikia mita 120 kwa sekunde. Nyembamba, zilizo uchi, zinajikokota kwa mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea.

Hilo unalijua tayari, ila hukuliita hivyo. Ukijikwaa kidole cha mguu kwenye kitanda usiku, kwanza unajua umejigonga. Halafu kuna ukali wa kwanza, mfupi. Halafu kuna ukimya kidogo, ule wakati unaosema moyoni "hapa itauma". Ndipo unapokuja ule uchungu mzito wa kuunguza unaokukalisha chini. Ni habari moja iliyotumwa kwa njia tofauti, na ile ya mwisho imetembea kwa miguu.

Unaweza kudhani mambo ya kumhukumu mtu kwa kasi ya neva zake yaliishia Greenwich. Kwenye riadha za kimataifa, mkimbiaji wa mbio fupi akianza kusukuma vibao kabla ya sekunde 0.100 tangu mlio, anahesabiwa kwamba aliubahatisha, hakuusikia. Wamejitahidi kuwa waadilifu: nyuma ya kila mkimbiaji kuna spika, kwa sababu sauti ya bastola moja ingemfikia wa njia ya nane ikiwa imechelewa karibu sekunde 0.025. Julai 2022, mjini Eugene, Marekani, fainali ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi, Mmarekani Devon Allen aliondoka kwa sekunde 0.099. Elfu moja ya sekunde pungufu. Mashine ilisema ameanza mapema, akabishana na waamuzi, uwanja wa nyumbani ukazomea, akatolewa. Miaka 15 kabla, mwaka 2007, watafiti wa Uingereza walikuwa wameshachapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba mwili unaweza kuitika mlio chini ya sekunde 0.085. Allen alisema alisubiri mlio. Fainali ilikimbiwa bila yeye.